Mchepuo upite nyuma ya kijiji au la? Jibu kwa dada mwenye duka barabarani na mikorosho shambani

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina duka la vyakula na vocha kando ya barabara kuu ya Mingoyo–Masasi, upande wetu wa Lindi. Kijiji chetu na cha jirani vimekuwa kero tupu: malori ya makaa ya mawe usiku na mchana, mabasi, bodaboda, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Watoto wanavuka kwenda shule kwa kubahatisha. Sasa limeletwa wazo la barabara ya mchepuo ipite nyuma ya vijiji vyote viwili, na watu wamegawanyika. Wenye maduka wanasema tutakufa njaa, wenye nyumba jirani na lami wanasema ije hata kesho. Mimi niko katikati, maana duka langu liko barabarani, na shamba la mikorosho aliloniachia mjomba liko hukohuko nyuma inakosemekana itapita. Niunge mkono au nipinge? Na kaka yangu anataka ninunue kiwanja mapema kwenye barabara mpya. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kabla hujanyoosha mkono mkutanoni, jibu kwanza swali hili: magari yanayowakera yanapita, au yanasimama?

Nauliza hivyo kwa sababu barabara ya lami ya njia mbili, ikiwa wazi, ina uwezo wa kupitisha magari zaidi ya 2,000 kwa saa ukijumlisha pande zote. Barabara yenu haikaribii idadi hiyo, hata Novemba korosho zikiwa zimepamba moto. Kwa hiyo msongamano mnaouona hautokani na wingi wa magari peke yake. Basi linashusha abiria likiwa juu ya lami kwa kuwa hakuna kituo cha kuingilia pembeni. Nyuma yake semitrela mbili haziwezi kulipita kwa sababu upande wa pili kuna lori limepaki, dereva na utingo wake wako kwa mama lishe. Bega la barabara, ambalo ndilo lingewapa watembea kwa miguu pa kupita, limejaa bodaboda na meza za nyanya. Ondoa vitu vitatu hivyo, na sehemu kubwa ya foleni itaondoka bila kujenga hata mita moja ya barabara mpya.

Sisemi hivyo kupinga mchepuo. Nasema mchepuo unaondoa aina moja tu ya gari: lile lisilo na shughuli kijijini kwenu. Lori la makaa linalotoka Ngaka kule Mbinga kwenda bandari ya Mtwara au kiwanda cha saruji litaondoka. Basi la Dar es Salaam kwenda Masasi litaondoka pia, kama halina abiria wa kushusha hapo, jambo ambalo nina shaka nalo. Lakini Fuso linalokuja kupakia korosho kwenye ghala la AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, litaingia kijijini kama kawaida, maana korosho ziko hapo. Hiace zitaingia, bodaboda ndiyo kwanza zitaongezeka. Watu wengi huitwa kwenye mkutano, wakaelezwa kuhusu mchepuo, wakatoka wakiamini kijiji kitakuwa kimya kama zamani. Hakitakuwa kimya.

Kwa hiyo cha kwanza cha kudai ni hesabu ya magari. Wataalamu huifanya wakati wa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unafaa: watu hukaa kando ya barabara wakihesabu kila aina ya gari, na madereva husimamishwa wakaulizwa wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na wamesimama wapi njiani. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye jibu lenu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu inagharimu zaidi na inahitaji askari wa kusimamisha magari. Halafu angalieni mwezi. Hesabu ikifanywa Aprili itakosa msimu wa korosho, unaoanza Oktoba hivi na kumalizika mwanzoni mwa mwaka. Hesabu ya Novemba peke yake nayo itakuza mambo. Dai zote mbili.

Iko pia hesabu ya kesho, ambayo ni ngumu zaidi. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, km 210, inawekewa lami kwa vipande, na kipande cha Mtwara hadi Mnivata, km 50, kilishakamilika. Yenu ya Mtwara–Mingoyo–Masasi ina km 200 hivi. Ile ya Newala ikiisha, tofauti ya urefu haitakuwa kitu, na sehemu ya magari yatahamia huko. Je, malori mazito nayo? Nadhani mengi yatabaki kwenu. Kupanda uwanda wa Makonde ukiwa na shehena kunakula dizeli na breki, wakati barabara yenu inafuata bonde la Lukuledi. Kuna pia mpango wa muda mrefu wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo makaa ya mawe ni sehemu kubwa ya sababu yake. Sikushauri uipange biashara yako kwa kutegemea reli. Kusini tumeshawahi kuwa na reli, ile ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni iliyofika Nachingwea, na iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini mhandisi anayewaambia malori yataongezeka kila mwaka kwa miaka 20 ijayo mwulize ameiweka wapi reli hiyo kwenye hesabu zake.

Sasa faida. Wanasiasa watasema mchepuo utaokoa muda. Tupige hesabu ya mfano: vijiji vyenu viwili vikichukua km 6 na lori likatembea kwa wastani wa km 30 kwa saa, hiyo ni dakika 12. Mchepuo wa km 8 kwa mwendo wa km 80 ni dakika 6. Dereva anayetoka Songea kwenda Mtwara, safari ya zaidi ya km 600, ameokoa dakika 6. Kwa muda peke yake mradi haujilipi, na asikudanganye mtu.

Unajilipa kwa watoto wale wanaovuka kwa kubahatisha. Lori lililojaa, lenye tani 56 ambazo ndiyo kikomo cha uzito Afrika Mashariki, halisimami papo hapo dereva akikanyaga breki. Linasimama baada ya umbali, na umbali huo huongezeka haraka sana mwendo ukipanda. Kwetu alama ya kijijini inasema km 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linataka 30 mahali ambapo watu na magari yanachanganyika, na mtu anayegongwa kwa 30 ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa 50. Kuyatenganisha malori na watoto ni sababu tosha ya kujenga barabara. Nasisitiza ni malori, maana bajaji na bodaboda zitabaki, na matuta na kivuko mbele ya shule vitahitajika hata mchepuo ukijengwa. Kivuko na matuta havihitaji kusubiri mchepuo. Diwani wenu anaweza kuwaandikia TANROADS mkoa, yaani wakala wa barabara kuu, kuviomba wiki hii. Ukiambiwa "subirini mradi mkubwa utakuja na kila kitu", hapo ndipo pa kuwa mkali.

Msimamo wangu, basi. Hesabu ikionyesha kwamba zaidi ya nusu ya magari mazito yanapita bila kusimama, unga mkono mchepuo, kwa masharti nitakayoyataja. Ikionyesha mengi yanasimama kula, kulala na kutengeneza tairi, dai kwanza maegesho ya malori nje ya kijiji, vituo vya mabasi vya kuingilia pembeni, na njia ya watembea kwa miguu, kisha mchepuo ujadiliwe baadaye ukiwa na takwimu mpya.

Wenye maduka wenzako nawaelewa, ila wanachanganya mambo mawili. Pesa hailetwi na gari linalopita, inaletwa na gari linalosimama. Nangurukuru ilikua kwa sababu ni njia panda ya Kilwa na mabasi yanasimama pale abiria wakanyooshe miguu na kununua chochote. Mnazi Mmoja ya Mingoyo ni hivyo hivyo, mahali ambapo wa Lindi, wa Mtwara na wa Masasi wanaachana. Mahali pa kusimama pakihamishwa, pesa inahama. Magari yakiongezeka bila kusimama, hakuna anayeuza zaidi. Wewe mwenyewe chukua daftari, kwa wiki mbili uandike kila mauzo kwa safu mbili, mwenyeji na mpita njia. Nakisia duka la unga, sukari na vocha linalishwa na majirani zaidi kuliko unavyodhani. Mama lishe, gereji, wauza korosho za kukaanga na nyumba za wageni ndio watakaoumia kweli, na ni haki yao kupiga kelele.

Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi wazi kwenye mikutano: sheria yetu inamfidia aliyechukuliwa ardhi, haimfidii aliyechukuliwa wateja. Mfanyabiashara ambaye kibanda chake kinavunjwa kupisha barabara anaweza kudai faida ya mwezi mara miezi 36, akiwa na hesabu za kuthibitisha. Yule ambaye kibanda chake kimeachwa kikiwa kizima, ila magari yamehamia nyuma ya kilima, hana anachodai. Ndiyo maana wa aina hii lazima wapiganie chao kabla michoro haijapigwa muhuri. Cha kupigania ni maegesho ya malori penye maungio ya mchepuo na barabara ya zamani, yakiwa na vyoo, taa na maji, na vibanda vimilikiwe na serikali ya kijiji na kugawiwa kwanza kwa waliokuwa wakiuza barabarani. Iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na iingie kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inaitaka na wasimamizi wa mazingira wa Serikali (NEMC) wanaipitia. Ahadi ya mdomo ya afisa aliyekuja na gari jeupe haina pa kuisomea miaka mitano baadaye.

Kabla wenzako hawajapinga kabisa, waulize pia mbadala ni upi. Mbadala wa mchepuo mara nyingi ni kupanua barabara iliyopo, na hiyo ndiyo inayovunja maduka. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara, yaani ardhi isiyoruhusiwa kujengwa, ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ndiyo yale mabishano ya kila siku ya nani kamfuata mwenzake, mtu kaifuata barabara au barabara kamfuata mtu. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anavunjiwa bila senti. Aliyekuwapo kihalali kati ya 22.5 na 30 kabla sheria haijabadilika ana haki ya kufidiwa. Chukua futi kamba, pima kutoka mstari wa katikati hadi mlango wa duka lako. Ukiwa mita 15, upanuzi ni hatari kwako kuliko mchepuo wowote.

Sasa mikorosho, ambayo naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Hifadhi ya mita 60 kwa jumla maana yake kila kilometa ya mchepuo inachukua hekta 6. Mchepuo wa km 8 ni hekta 48, kama ekari 119. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayopendekezwa na watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele, Mtwara, hekta moja inabeba mikorosho 69 hivi. Ikipita mashambani tupu ni zaidi ya mikorosho 3,000, na ni mali ya watu ambao wengi wao hawana duka barabarani. Mkutano wa kijiji ukikaa, sauti kubwa huwa ya wenye maduka, lakini wanaotoa mali ni wakulima wa nyuma. Wewe una bahati mbaya ya kuwa vyote viwili. Itumie hiyo nafasi kuwasemea.

Ardhi ya kijiji haichukuliwi kwa tangazo tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi ikihamishwa kwa manufaa ya umma, aina ya fidia, kiasi chake na muda wa kulipwa vikubalike kwanza, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaopewa nafasi ya kukubali au kukataa. Sikufichi kwamba Serikali ina pia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na ikiamua kuitumia kijiji hakina turufu ya mwisho. Lakini fidia ipo kwa njia yoyote: thamani ya ardhi, thamani ya mazao na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya pango kwa anayehama nyumba. Mkorosho hauthaminiwi kama kuni. Umri na hali yake vinaangaliwa, na mti unaozaa una thamani tofauti kabisa na mche wa mwaka jana. Palilia shamba, ondoa mikavu, hesabu mikorosho yako, uipige picha kabla mthamini hajafika. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, usaini fomu baada ya kuhesabu naye, na ubaki na nakala. Akishatangaza tarehe ya mwisho ya mali kuhesabiwa, usipande hata mche mmoja. Watu wa kutegesha, wanaopanda au kujenga haraka ili wafidiwe, wanajulikana, na wakibainika hucheleweshea fidia kijiji kizima.

Kinachoniogopesha kwako si mthamini, ni ukoo. Huku kwetu shamba la mjomba lina wajomba wengine, na wapwa, na binamu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajashika jembe tangu azaliwe. Siku fedha ikitajwa, wote watakumbuka njia ya kurudi. Kama mjomba alikuachia kwa maneno, itisha kikao cha ukoo sasa, wakati shamba bado ni majani na wadudu, muandikishane mbele ya serikali ya kijiji, kisha uombe hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lako. Nimeona fidia za watu zikikaa bila kulipwa kwa muda mrefu kwa sababu majina mawili yaligombea shamba moja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikichelewa inaongezwa riba, na uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka miwili, hapo unafanywa upya kwa bei mpya. Weka tarehe hizo kwenye kumbukumbu zako. Kama kuna makaburi shambani, yana utaratibu wake chini ya sheria ya 1969 ya kuhamisha makaburi, na gharama za kuyahamisha si za familia.

Shamba likikatwa katikati bila kumalizwa lote, uliza utavukaje. Barabara ya mwendo wa km 80 ikipita kati ya nyumba na mikorosho, tutakuwa tumeondoa hatari shuleni na kuipeleka shambani. Kwenye usanifu wa kina, dai kalavati kubwa za mtu na baiskeli kupita chini pale palipo na njia za wakulima. Kalavati hizo hizo zinahitajika kwa maji. Upande wa mto wa Lukuledi mchepuo utapita ardhi inayojaa maji, na tuta la barabara lenye matundu machache hugeuka bwawa. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na sote tulijionea bei za bidhaa zilivyopanda. Upande wa juu hakuna mafuriko, ila ndiko mikorosho ilikosimama. Ningekuwa mimi, ningekubali kupoteza mikorosho kuliko kujenga bondeni kwa bei rahisi. Najua si jibu ulilotaka.

Sharti moja zaidi nalisimamia kuliko yote. Mchepuo uwe na maungio mawili tu, mwanzo na mwisho, na serikali ya kijiji ipitishe mpango wa matumizi ya ardhi unaozuia kujenga kandokando yake. Bila hivyo mtu wa kwanza atafungua genge la mkaa, wa pili gereji, wa tatu nyumba ya wageni, na wajukuu zetu watakaa mkutano mwingine kujadili mchepuo wa mchepuo.

Ndiyo maana kuhusu kiwanja cha kaka yako jibu langu ni usinunue. Kwanza, katika hatua hii wahandisi huwa na njia zaidi ya moja mezani, na anayekuuzia leo anauza uvumi. Pili, ukinunua ndani ya mita 30 utakuwa umejinunulia alama ya X ya kuvunjiwa. Tatu, masharti niliyoyasema yakizingatiwa, hakutakuwa na njia ya kuingia kutoka mchepuo hadi kwenye kiwanja chako, hivyo utakuwa na duka linalotazama malori yasiyoweza kusimama. Fedha hiyo, kama ipo, pitia kwanza hesabu za lile daftari la wiki mbili. Zikionyesha wateja wako ni wenyeji, ongeza friji dukani hapohapo ulipo.